Moteri ya Mafuta Mawili

Mwezi uliopita Rehema alinunua jenereta ya saluni yake ya Kinyinya, akaniita niende kuiona. Siku hizi zimekuja hizi za mafuta mawili, petroli na gesi. Unageuza kitufe tu, mtungi wa gesi unaendelea pale petroli ilipoishia. Niliikuta koridoni, kati ya saluni na stoo, inanguruma, mtungi umeegemezwa ukutani. Muuzaji alikuwa amemwambia kwamba ikitumia gesi haitoi moshi, hata ndani inakaa bila shida. Sikumsalimia mtu. Nilipiga kelele izimwe, itolewe nje sasa hivi, wateja wote watoke, na wanawake wawili wakasimama barabarani na povu kichwani wakiniangalia kama mwendawazimu.

Rehema ni mtoto wa shangazi yangu, lakini alilelewa kwetu, kwa hiyo mimi ni dada yake. Ananijua kwa kukosa subira, maana sijawahi kuwa na subira hata ya kusubiri chai ipoe. Lakini siku hiyo niliketi chini palepale barabarani, naye aliona.

"Dada, uko na nini?" akaniuliza.

Nikamwambia ni sukari, nimetoka bila kula. Ulikuwa uongo. Harufu ya petroli mbichi kwenye korido iliyofungwa ilikuwa imenirudisha Biryogo, mtaa wetu wa Kigali, katika studio ya baba yangu, nikiwa na miaka kumi, ninafunga Ramadhani yangu ya kwanza kamili, na ninajua kila kitu.

Studio yetu ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Mbele kulikuwa na benchi la wateja, pazia la bluu la kupigia picha, na saa kubwa ya ukutani ya kutia ufunguo. Nyuma ya ukuta wa mbao kulikuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha, na mlango wake ulifunguka kwenye korido iliyokwenda hadi uani. Baba alipiga picha. Shangazi Zaina, mdogo wake wa mwisho, alizisafisha. Alikuwa amechumbiwa na dereva mmoja wa Remera, na arusi ilikuwa ifanyike baada ya Idi. Vidole vyake vilinuka siki ya zile dawa hata akinawa kwa ndimu.

Ilikuwa miaka ambayo hakuna mtu aliyetulia. Kaskazini kulikuwa na vita, malori ya askari yalipita, na vijana waliokuwa wakicheza mpira pamoja walianza kuvaa kofia za vyama na kutosalimiana. Kila mtu aliyeingia dukani alikuwa na habari mpya, nyingine zikipingana na zile za asubuhi. Baba akizisikia alisema tu, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja," kisha anaendelea kufuta lenzi yake. Wateja wengi walitaka picha ndogo, zile za kubandika kwenye hati za safari. Hakuna aliyesema anaondoka. Walisema picha ni za akiba. Walizitaka leo, tena kabla ya adhuhuri, na walipokuwa wakingoja walikaa, wakasimama, wakatoka hadi barabarani, wakarudi, wakauliza kama bado. Mimi nami niliambukizwa. Nilikuwa nikila kucha mpaka Mama, aliyekuwa anauza vitambaa sokoni na hakuonekana nyumbani hadi alasiri, alinipaka pilipili.

Umeme nao ulikatika bila kuaga. Taa nyekundu ya chumba cha giza ikizimika katikati ya kazi, picha zilizomo ndani ya dawa ndizo hizo zimeharibika. Ndipo Baba akaleta moteri, ndivyo tulivyoita jenereta.

Ilikuwa imetoka kwa fundi mmoja wa Kabuga, ndogo, ya rangi ya chungwa iliyopauka, ina mishikio miwili ya kubebea. Ilikuwa na matanki mawili. Kubwa lilikuwa la mafuta ya taa. Dogo, lenye ukubwa wa birika la chai, lilikuwa la petroli, ambayo sisi tuliita lisansi. Lisansi ilikuwa adimu kwa ajili ya vita, magari yalipanga mstari vituoni tangu alfajiri, lakini mafuta ya taa yalipatikana. Kwa hiyo unaiwasha kwa lisansi kidogo mpaka ipate moto, kisha unageuza kibomba inywe mafuta ya taa mchana kutwa.

Baba aliamua mimi ndiye nitakuwa mwenye moteri. Shangazi Zaina aliiogopa, alisema inamtazama vibaya, na yeye Baba alikuwa hatulii nyumbani, anaitwa huku na huku. Alinifundisha kwa siku saba, kila siku jambo moja, na kila asubuhi ilibidi nimrudishie yale ya nyuma yote kama mwanafunzi wa chuoni anavyorudia juzuu.

Kwanza mahali. Moteri inakaa uani, chini ya kibanda cha bati, juu ya saruji iliyonyooka, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni, mdomo wa bomba la moshi ukiangalia ukuta wa jirani na si nyumba yetu. Kisha waya wa ardhini, uliofungwa kwenye nondo iliyopigiliwa chini, na kopo la maji linalomwagwa pale kiangazi udongo ukikauka. Kisha oili, inayopimwa kwa kijiti kabla ya kuwasha, na inayonuswa pia, kwa sababu mafuta ya taa hupenya yakaipunguza nguvu; ikinuka taa, inabadilishwa hata kama bado inang'aa. Waya mrefu ulitoka kwenye moteri moja kwa moja hadi chumba cha giza. Hatukuruhusiwa kamwe kuuchomeka kwenye tundu la ukutani, ati nyumba nzima ipate, maana umeme ungetoka nje ukamkuta fundi juu ya nguzo.

Baada ya kuvuta kamba, nisiipe kazi mara moja. Baba hakunipa saa. "Unasoma Alhamdu mara kumi na tano," aliniambia, "na usikimbie kama mbuzi. Ukimaliza, geuza kibomba." Nilipogeuza, mlio ulishuka, ukawa mzito, na bomba likatoa moshi wa kijivu wenye harufu kali iliyokaa kwenye nywele. Jioni ilikuwa kinyume chake. Unatoa waya kwanza, unairudisha kwenye lisansi, unasoma Alhamdu mara kumi ili ile taa yote itoke kooni mwake, ndipo unaizima. Ukiizima ikiwa na mafuta ya taa, kesho utavuta kamba mpaka bega liteguke. Kumimina mafuta ilikuwa mpaka ipoe, na kupoa maana yake ni kuweza kuweka kiganja juu yake ukahesabu hadi tano. Ijumaa ilikuwa siku ya usafi: sponji ya hewa inafuliwa kwa sabuni na kuanikwa, plagi inafunguliwa na kusuguliwa masizi kwa msasa.

Niliyapenda haya yote kuliko kuruka kamba. Watoto wa mtaa walikuja kunitazama nikivuta, nami nilivuta kwa madaha, mguu mmoja juu ya saruji. Nilikuwa mjuaji wa kuchosha. Nilimkosoa hata mwalimu wa sayansi mbele ya darasa, akanisimamisha nje.

Jambo la saba lilikuwa moshi. Baba alinichuchumaza mbele ya bomba, kwa mbali, akaninyooshea kidole. Baba alizaliwa Kigali, na Kiswahili chake kilikuwa cha Biryogo hasa.

"Unaona hii moshi? Hii moshi iko naua muntu. Haipige kelele, haishike kisu. Inakuingia, unalala, basi. Moteri haingie ndani ya nyumba hata siku moja. Umesikia?"

Nilisikia. Niliutazama ule moshi wa kijivu nikauchukia. Nilimuuliza kwa nini moteri ikiwashwa kwa lisansi moshi hauonekani, lakini mteja aliita mbele, Baba akaondoka, na swali langu nikalijibu mwenyewe. Nilichukua leso nyeupe ya Mama, nikaishika kwa fimbo mbele ya bomba moteri ikinywa taa. Ikatoka na doa jeusi. Nikaigeuza moteri inywe lisansi, nikaishikilia leso tena upande ulio safi. Ikabaki nyeupe. Nikafurahi kama mtu aliyegundua dawa ya malaria. Sumu ni ya mafuta ya taa, nikajiambia. Lisansi ni safi.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya Ramadhani, katika mvua zile za masika. Baba alikuwa ameondoka asubuhi kwenda kupiga picha za wanafunzi wa shule moja ya Kabuga. Akaja mteja, mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu, aliyetembea kwa miguu kutoka Kinyinya. Picha zake, za mkewe na za watoto watatu zilikuwa zimepigwa jana, filamu ilikuwa tayari, bado kuzichapa kwenye karatasi. Alizitaka siku hiyo hiyo. Alisema gari alilopata linaondoka alasiri. Hakusema linakwenda wapi, na sisi hatukuuliza.

Umeme haukuwapo. Niliwasha moteri, nikasoma Alhamdu zangu, nikageuza kibomba. Shangazi Zaina akatundika kitambaa chekundu kwenye kitasa, alama yetu kwamba mlango haufunguliwi hata kama nyumba inaungua, akaziba upenyo wa chini kwa blanketi, akaanza kazi. Haikupita nusu saa, mvua ikaja na upepo. Haikuanguka, ilikuja kwa ubavu, ikaingia chini ya bati, na nilipokimbia uani nilikuta maji yanatiririka juu ya moteri hadi pale waya unapochomekwa. Nikaizima. Kutoka ndani nikasikia shangazi akipiga ukelele wa hasira gizani.

Alitoka akiwa amefunika karatasi zake kwenye boksi. Tukasimama koridoni tukitazama mvua.

"Haitaisha leo hii," akasema. "Na huyu muzee gari yake inamuacha."

"Tuingize moteri hapa koridoni," nikasema.

Aliniangalia. "Baba yako alisema nini juu ya kuingiza?"

"Alikataza kwa sababu ya moshi. Moshi ni wa taa, Shangazi. Tukitumia lisansi peke yake hakuna moshi. Mimi nimepima kwa leso."

"Una hakika?"

"Nimepima mwenyewe."

Akafikiri kidogo. Sijui kama alifikiri juu ya moshi au juu ya yule mtu aliyekuwa akitembea mbele ya duka, hatua nne kwenda, hatua nne kurudi. "Haya," akasema. "Weye ndiye unajua."

Tuliibeba sote wawili. Nilikausha plagi na kila mahali kwa kanga, nikaiweka karibu na mlango wa uani, mdomo wa bomba ukiangalia nje, na kwa hilo nikajiona mwangalifu sana. Nikajaza tanki dogo kwa lisansi yote ya akiba. Ikawaka kwa mvuto wa pili. Bomba halikutoa chochote. Upepo ulikuwa ukiupiga mlango wa uani mpaka ukabaki wazi nusu tu, nami nikauegemezea tofali ubaki hivyo hivyo ili mvua isiingie. Chumba cha giza hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na tundu la hewa upande wa korido, lililopindishwa kama kiwiko ili mwanga usipite. Hewa ilipita vizuri kabisa.

Sasa nieleze jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi, shangazi na mimi. Gizani hakuweza kuona saa. Kwa hiyo mimi nilikaa dukani, chini ya ile saa ya ukutani, kiganja kimoja kwenye ukuta wa mbao. Alipowasha mwanga juu ya karatasi aligonga mara moja. Nilihesabu sekunde nane kwa mshale mwembamba, nikagonga, naye akazima. Akitia karatasi kwenye dawa anagonga mara mbili, nami nampa dakika mbili. Moteri ikiwa koridoni makelele yalikuwa makubwa, lakini sikuhitaji masikio; kila pigo nililisikia kiganjani. Tulifanya hivyo karibu kila siku na hatukuwahi kukosana.

Picha za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha akagonga mara moja, nikahesabu, nikajibu, naye akagonga tena mara moja palepale kana kwamba hakusikia. Nikajibu tena. Akagonga mara tatu, na mara tatu haikuwa na maana yoyote kati yetu. Nikacheka. Nilidhani anamfikiria yule dereva wake. Niliweka mdomo kwenye upenyo wa mbao nikapaza sauti, "Shangazi, unalala?"

"Kichwa," akajibu kutoka ndani, sauti nzito. "Kichwa kinaniuma. Ni hii swaumu."

Sikushtuka, maana mimi pia kichwa kiliniuma, kimenibana kwenye panja, na miguu ilikuwa haina nguvu. Hiyo ndiyo saumu, niliambiwa tangu siku ya kwanza: kichwa kitauma, utalegea, utataka kulala, vumilia, ndiyo thawabu yake. Nilijivunia kwamba sasa ninafunga kama mtu mzima, mimi na shangazi yangu tunaumwa ugonjwa mmoja. Akagonga mara mbili, polepole. Nikatazama saa. Dakika mbili zikapita, nikagonga. Hakujibu.

Nikagonga tena. Nikaweka viganja vyote viwili. Ukuta ulitetemeka kwa moteri tu.

Yule mwenye koti akaja akasimama mbele yangu. "Binti, picha bado?"

"Bado, Mzee. Analala kidogo. Tumefunga."

Nilitazama mshale ule mwembamba ukizunguka. Dakika moja. Kitambaa chekundu kilikuwa kwenye kitasa. Ndani kulikuwa na boksi jipya la karatasi, limefunguliwa, boksi ambalo Baba alilingoja wiki tatu lifike. Mwanga ukiingia, lote limekufa, na picha za huyu mtu pamoja nalo, na gari lake linaondoka. Nikajiambia anasali. Dakika mbili. Nikajiambia amekasirika kwa kuwa nilimcheka. Sikuwa tayari kuwa mtoto aliyefungua mlango.

Yule mtu aliketi kwenye benchi, kwa mara ya kwanza tangu afike, akashika paji la uso. "Hata mimi," akasema, kama anayeongea na koti lake. "Kichwa kinataka kupasuka."

"Ni saumu," nikamwambia.

"Saumu gani? Mimi ni Mukristo. Nimekula viazi asubuhi, nimekunywa na chai."

Nimeishi miaka mingi tangu hapo, na sijawahi kusikia tena sentensi iliyonizindua namna ile. Sikuelewa kemia, sikujua kwamba sumu yenyewe haionekani wala hainuki, sikuelewa chochote. Nilielewa tu kwamba alikuwa amekula. Kama amekula na kichwa kinamuuma, basi si njaa. Kama si njaa, ni kitu kilichomo humu ndani, na mimi ndiye niliyekiingiza.

Nilikimbia koridoni. Sikuondoa kitambaa, nilisukuma mlango kwa bega pamoja na blanketi lake, mwanga wa mchana ukaingia juu ya kila kitu. Shangazi Zaina alikuwa chini, mgongo kwenye meza, kidevu kifuani, mkono mmoja bado umeinuliwa kidogo kwenye ukuta wa mbao. Uso wake ulikuwa na wekundu mzuri, kama aliyetoka kucheka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nikapiga yowe. Yule mtu wa Kinyinya alifika, akatazama moteri, akamtazama yeye, akasema neno moja la Kinyarwanda ambalo sikuruhusiwa kulisema, akamshika kwapani na kumburuta hadi uani, kwenye mvua. Mimi nikaizima moteri. Siku hiyo sikuisomea Alhamdu hata moja.

Walikuja wanawake wa jirani. Mmoja alimpepea na mvua ile inanyesha, mwingine alileta maziwa. Nilimshika mguu, ulikuwa umelegea, na nilimwambia Mungu anichukue mimi, nilimwambia kwa sauti, sikuona haya. Ulipita muda ambao siwezi kuupima, maana saa ilikuwa ndani. Kisha akakohoa, akatapika, akafumbua macho akaanza kusema, na wanawake wakaangua kilio na kicheko kwa pamoja.

Yule mtu aliondoka bila picha. Shangazi, akiwa ameegemezwa ukutani na kanga juu ya mabega, alianza kumwomba radhi, naye akatikisa kichwa. "Ihangane, mwana wa wenyewe," alimwambia kwa upole, pole hiyo ya Kinyarwanda. "Picha si kitu." Akapandisha kola ya koti akaenda, anatembea haraka. Sikumwona tena, na sijui kama aliliwahi lile gari.

Baba aliporudi aliuliza nani aliyeingiza moteri. "Sisi wawili," shangazi akasema. "Mvua ilituzidi." Hakuna aliyeuliza nani aliyesema lisansi ni safi. Nilingoja swali hilo siku hiyo, nikalingoja usiku, nikalingoja wiki nzima. Badala yake mtaa mzima ulisimulia jinsi mtoto wa mpiga picha alivyofungua mlango. Imamu aliniwekea mkono kichwani. Idi ilipofika nilishonewa gauni la pili. Kila sifa ilikuwa inanikwaruza, lakini niliipokea, na kadiri nilivyopokea ndivyo ilivyokuwa vigumu kurudisha. Baba alihamisha kibanda, akakizungushia bati pande tatu, akaniambia niendelee na kazi yangu. Niliendelea. Sikuvuta tena kamba kwa madaha.

Shangazi Zaina aliolewa, akahamia Remera. Mwaka uliofuata akamzaa Rehema. Mtoto alipoanza kutembea, ziwa likamshinda kuliacha, basi shangazi akafanya kama wanavyofanya wanawake wa kwetu: akamleta Biryogo akae kwa mama yangu juma moja, amsahau mama yake na ziwa lake. Alimwacha mgongoni mwangu, akatoka kwa mlango wa uani, amejificha ili mtoto asimwone. Siku nne baadaye, Aprili ya 1994, barabara zote zilifungwa. Yaliyofuata, wasomaji wa rika langu hawahitaji kusimuliwa nami. Shangazi hakurudi, na kati ya watu wa Remera aliokuwa nao hakubaki hata mmoja wa kutueleza.

Niliwahi kuhesabu. Tangu nilipoufungua ule mlango hadi alipotoka kwa mlango wa uani, ni miaka miwili na siku chache.

Rehema alikua akiambiwa kwamba dada yake ndiye aliyemwokoa mama yake, na bila dada asingezaliwa. Alilisema shuleni. Alilisema kwenye arusi yake, mbele ya watu mia, na mimi nikainamisha uso watu wakadhani ni unyenyekevu. Sikumwambia. Siku ya ile jenereta pia sikumwambia, nilisema ni sukari. Nilirudi nyumbani, sikulala, na asubuhi nikarudi Kinyinya kabla saluni haijafunguliwa. Alikuwa ameshaihamishia nje, mbali na mlango, kama nilivyopiga kelele. Nikakaa kwenye kiti cha wateja nikamwambia yote, mvua, korido, leso nyeupe, na lile neno la mwisho la mama yake kabla hatujaibeba moteri: weye ndiye unajua.

Nilimaliza nikangoja. Nilitaka akasirike. Alikuwa anazungusha kitana mkononi, hanitazami.

"Alipoamka kwenye mvua," akauliza mwisho, "alisema nini?"

Katika nyumba yetu wafu tumewafanya malaika. Tangu akiwa mdogo tulimwambia mama yake alikuwa mpole, alisali, alipenda watu. Hatukuwahi kumpa hata sentensi moja iliyotoka kinywani mwake.

"Alinitukana," nikasema.

"Alikutukana vipi?"

"Alisema: nani huyu mupumbavu amefungua mulango? Karatasi yote imekufa. Ngoja nisimame, nitakutandika mpaka usahau jina la babu yako."

Rehema akanitazama. Mdomo ukamcheza, akaufunika kwa mkono, kisha akashindwa, akacheka mpaka akaketi chini kwenye sakafu aliyoifagia muda si mrefu, machozi yanamtoka, kitana bado mkononi.

"Na sauti yake?" akasema. "Ilikuwaje?"

"Nzito. Ya puani kidogo. Akikasirika anavuta maneno."

"Sema tena, dada. Sema vile alisema yeye."

Nikajiweka sawa kwenye kiti, nikavuta pumzi, na kwa sauti nzito ya puani nikamtukana mtoto wa shangazi yangu, neno kwa neno.